Mama wa Barafu Alitaka Kusikia Gesi Ikitoka

Sikusema mashine moja ya barafu ndiyo itatoboa mbingu, baba mdogo. Nilisema zote kwa pamoja. Hilo nimemwambia leo jioni tukirudi Buzuruga, tuna mashine ya kunyonya gesi katikati yetu kwenye bajaji, nzito kama jiwe, na haijatumika.

"Tundu lenyewe si mlifundishwa liko kusini huko kwenye barafu?" akasema. "Sasa mimi na huko wapi na wapi?"

Nikamwambia gesi ikishatoka haibaki mwaloni, pale ziwani samaki wanaposhushwa. Inachukua miaka, inapanda mpaka juu kabisa, jua linaivunja, vipande vyake vinaanza kula ozoni, ile hewa inayotukinga na mionzi mikali. Dereva wa bajaji akaongeza sauti ya redio. Nimechoka kueleza kitu ambacho hamna mtu anakiona.

Baba mdogo ni fundi wa friji na mimi ni msaidizi wake tangu nimalize kidato cha nne. Mwezi uliopita alinituma semina ya mafundi pale Nyamagana kwa sababu mwenyewe alikuwa na kazi. Mwalimu alituambia nchi zote duniani zimekubaliana kuziacha hizi gesi, hata zile zinazogombana kwa mengine yote, na kwamba ozoni imeanza kupona, ila taratibu. Niliipenda sana habari hiyo. Basi tukakopeshwa mashine moja, karakana kadhaa tupokezane. Badala ya kuachia gesi hewani unainyonya, unaihifadhi kwenye mtungi, ukimaliza kutengeneza unairudisha. Zamu yetu inaisha kesho mchana, halafu inaenda Misungwi. Mpaka leo hatujanyonya hata friji moja.

Asubuhi nilijua leo ndiyo tutanyonya ya kwanza. Kuna mama anauza samaki na barafu mwaloni, ana mashine mbili za zamani, zote zinavuja kwenye valvu. Gesi iliyobaki ndani ni nzima kabisa. Nikaandaa mipira yangu ya kupitishia gesi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hilo dude la nini?"

Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Kwa hiyo unatoa gesi yangu, halafu unanirudishia ileile?"

"Ndiyo mama. Gesi haichakai. Inachujwa, tunaongezea tu iliyopungua."

"Binti, kiporo nakula kwangu bure. Kiporo cha kulipia sijawahi kuona." Wapara samaki wakacheka. Akamgeukia baba mdogo. "Fundi, leo huniiti nisikie?"

Huo ndio utaratibu wa baba mdogo, miaka yote. Kabla yake kulikuwa na fundi aliyekuwa anaongezea gesi kidogo na kusema ameweka mpya yote, na barafu ya huyu mama ikayeyuka na samaki wake wakaoza. Baba mdogo alipokuja akamwita karibu, akafungua mbele yake, akamwambia sikia, ya zamani hiyo inatoka. Tangu siku ile mwalo mzima unamwamini. Yaani uaminifu wake ndio huohuo mlio.

Baba mdogo aliniangalia kidogo tu. Akachukua spana, akafungua. Ssssss, ndefu, mpaka ikaisha. Mimi nimeshika mpira ambao haujaunganishwa na kitu.

"Haya," mama akasema. "Hiyo ndiyo kazi. Kesho mje mtengeneze ya pili."

Kwenye bajaji nilikuwa na hasira, nikasema mengi. Kwamba dunia nzima imesaini na sisi tunashindwa na mtu mmoja. Baba mdogo hakukasirika, na hilo liliniudhi zaidi. Alikuwa amechoka tu, mgongo unamuuma.

"Mwanangu, hao waliosaini hawanijui. Mama yule ananijua. Nikimwambia niamini tu, nina tofauti gani na yule mwizi?"

Mpaka sasa nimekula, nimeosha vyombo, nimekaa na daftari, bado sina la kumwambia. Semina ilitufundisha kusoma geji na kubadilisha chujio. Hamna aliyetufundisha umwonesheje mteja kwamba hujamwibia. Na hajakosea, yule mama. Gesi haionekani. Kuisikia ikitoka ndiyo ushahidi pekee aliowahi kupewa.

Ila kuna kitu anakiamini kuliko hata masikio yake, nacho ni mizani yake ya samaki, ile ya kuning'iniza. Hamna mtu anaigusa. Anaisoma mwenyewe, kwa sauti.

Kesho asubuhi nitamwamkia baba mdogo kabla ya chai na kumwomba dakika kumi kabla hajashika spana. Akikubali, nitamwomba yule mama auning'inize mtungi mtupu kwenye mizani mwenyewe, asome. Ukijaa, asome tena. Nikimaliza kurudisha, asome mara ya tatu aone umerudi mtupu, na ya kuongezea tuipime hapohapo. Mmoja wao akikataa, baba mdogo atafungua kama kawaida na mashine itaenda Misungwi. Lakini kwanza nitaomba.