Siku Darasa la Nne Lilipotoka Nje

Juzi mwalimu kijana wa somo la Kifaransa, tunayefundisha naye hapa Nyamagana, alinijia amekata tamaa. "Madam, wanafunzi hawafungui mdomo. Nifanyeje?" Nikamwambia asiwalazimishe. Awape kwanza kazi ya masikio na mikono, mdomo utakuja wenyewe. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa apande mahindi bila mbegu. Sikumlaumu. Baba yangu alitazama hivyohivyo miaka ya tisini, nilipokuwa darasa la nne kule Pasiansi.

Unaikumbuka miaka ile. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vimeshika kasi, na mapanki, mifupa ya sangara iliyobaki viwandani, yalikaangwa kila kona, harufu inaingia mpaka darasani. Shule za watu binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza zilianza kuchipuka, na mzazi asiyeweza kumpeleka mtoto huko alitaka angalau daftari lake lijae. Baba hakujua Kiingereza, lakini kila Ijumaa alifungua daftari langu kutafuta alama za vema za wino mwekundu. Mtaa mzima ulifanya hivyo.

Ndipo akaja mwalimu mpya wa Kiingereza, mama wa Kihaya mwenye sauti ya chini. Akatuambia tuyaweke madaftari chini ya madawati. Alikuja na karai, ufagio, kata ya maji na dagaa wabichi. Alisema jambo kwa Kiingereza huku akilifanya: anainua karai, analiweka dirishani, anampa mtoto wa mbele dagaa. Kisha alisema tena, mikono ameifumbata, nasi tukafanya. Aliyekosea alimtazama mwenzake akajirekebisha, fimbo haikuwepo. Amri za jana alizichanganya na za leo ili tusibahatishe.

"Msiseme bado," alizoea kutuambia. "Sikilizeni mpaka mshibe."

Miezi mitatu ikapita hivyo. Tulifagia kwa Kiingereza, tukaanika dagaa kwa Kiingereza. Madaftari yalibaki meupe pee.

"Jirani, mtoto wako anasoma Kiingereza cha mabubu?" mama wa nyumba ya pili alimtania baba. "Wa kwangu kule mjini anaimba mpaka mbuzi wanashangaa!"

Baba hakucheka. Alikuwa mjumbe wa kamati ya shule, na kikao kilipofika alisimama akalileta jambo hilo. Alirudi akamweleza mama walivyokubaliana: mkaguzi anakuja Alhamisi. Akikuta madaftari matupu, mwalimu yule ananyang'anywa darasa, anarudishwa wa zamani, yule wa kutunakilisha ubaoni kwa fimbo. Nilikuwa natafuna ugali. Tonge lililofuata nikalirudisha sahanini.

Alhamisi mkaguzi aliingia na suti yake ya kaunda. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Nyuma yake walisimama mwalimu mkuu na baba. Mkaguzi alifungua daftari la kwanza, la pili, la tatu. Nilisikia kila ukurasa ukigeuzwa.

"Mwalimu, miezi yote hii mlikuwa mnafanya nini?"

"Walikuwa wanasikiliza, mzee."

"Wanasikiliza!" Akakaza uso. Sasa unajua desturi ya wakubwa wa siku zile: wakitaka kugombana mbele ya watoto, walihamia Kiingereza ili tusielewe. Mkaguzi naye akahamia. Kwa sauti ya chini, yenye hasira, alimwambia mwalimu aweke madaftari yote juu ya meza kisha atoke nje.

Tukainuka. Watoto arobaini na zaidi, bila neno, tuliweka madaftari juu ya meza, mmoja baada ya mwingine, tukatoka nje, tukapanga mstari kwenye mlingoti wa bendera. Tukasubiri amri nyingine.

Mwalimu mkuu alitufuata mbio, fimbo mkononi. "Nani amewatoa?"

Tulimnyooshea kidole mkaguzi. Alikuwa amesimama mlangoni, mwalimu wetu kando yake. Mkaguzi alisogea hatua moja nje. Kisha akasema polepole, kwa Kiingereza, kwamba wasichana waokote jiwe moja moja, na wavulana wampe mwalimu mkuu mkono. Tukainama. Wavulana wakamzunguka mwalimu mkuu, ikabidi fimbo aibane kwapani ili apokee mikono yote ile.

Mkaguzi akacheka hadi akavua miwani. "Na madaftari watayajaza lini?"

"Watakapokuwa na la kuandika, mzee."

"Basi endelea na darasa lako."

Jioni nilirudi nyumbani na baba. Tulipofika alinawa, akaketi kwenye kigoda, akanitazama. "Haya. Nifundishe na mimi."

Nikasimama huku nikisema kwa Kiingereza. Akasimama. Nikaketi, akaketi. Nilipomwambia alete ndoo, akaleta ufagio, akacheka kicheko ambacho sijakisahau. Tangu hapo Ijumaa ilikuwa ya uani, mimi natoa amri na baba anatii, mama wa nyumba ya pili akichungulia.

Mwaka uliofuata shule mojawapo ya watu binafsi ilimchukua mwalimu wetu. Darasa la tano tukarudi kunakili ubaoni. Watu wakitaja yaliyopotea miaka ile, hutaja viwanda vya umma vilivyofungwa na samaki waliomalizwa na sangara. Mimi hukumbuka Ijumaa zile. Sikuwa tena na amri mpya za kumpelekea baba. Alisimama uani Ijumaa mbili tatu akiuliza kama kuna mpya, tukarudia zilezile. Halafu akaacha kuuliza.