Duara Katika Ngano

Efrazia Gidabuday wa Getanuwas alichagua Kiarabu kwa sababu ya heroe. Siku alipojaza fomu za kwenda kusoma Khartoum, aliyatazama maandishi ya Kiarabu juu ya karatasi akaona kabisa nyayo za ndege wale kwenye matope ya Ziwa Balangida, zikijiendea zake kutoka kulia kwenda kushoto, bila haraka. Wenzake walichagua kilimo, maana mashamba ya ngano ya serikali yalikuwa na kazi. Yeye akazifuata nyayo.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili, mashairi ya kale yakamwangusha. Mengi yalianza vilevile: mtu anasimama penye mahame, anayatazama mafiga yaliyobaki, anayasemesha, analia. Kwenye mtihani wakauliza kwa nini. Efrazia akaandika kwamba waliohama wamekwishapata kwingine, sasa huyu analia nini? Akapata sifuri. Akaambiwa Julai ajibu tena, kwa mdomo, mbele ya mwalimu wake. Akishindwa, chuo basi.

Likizo ikamrudisha nyumbani mwezi wa Mei.

"Sirudi, bibi," alisema asubuhi moja. "Wanalilia mawe wale. Siwaelewi."

Bibi yake, ndiye aliyemlea, alikuwa anajifunga shuka. "Mawe gani?"

"Ya jikoni. Ya watu waliohama."

Bibi akachukua fimbo. "Twende."

Walitembea mpaka ngano ilipoanza, na ikishaanza haina mwisho. Ilikuwa imefika magotini, upepo ukiipapasa, na mlima Hanang ulielea juu ya ukungu kama haukushikwa na kitu. Sulle, mlinzi wa shamba, akashuka kwenye baiskeli.

"Shikamoo bibi. Leo ng'ombe umewaficha wapi?"

"Marahaba. Leo nimekuja na mjukuu. Huyu hali ngano mbichi."

Sulle akacheka. "Huyu anakula vitabu! Haya piteni, ila msikanyage."

Wakapanda kilima kidogo. Bibi akanyoosha fimbo. Chini, katikati ya ngano, kulikuwa na duara. Ngano yote ilikuwa ya kijani, lakini ya pale ilikuwa imekolea, nene, ndefu kuliko nyingine, utadhani kivuli cha wingu kimesimama juu yake. Efrazia akatazama juu. Hapakuwa na wingu.

"Zizi letu, kabla serikali haijalima hapa," bibi alisema. "Trekta zimepita mara ngapi, sijui. Lakini mbolea ya ng'ombe wangu bado iko chini. Ngano inajua."

Kisha akaligeukia lile duara, akalisemesha kwa sauti ambayo Efrazia hakuwahi kuisikia. "Hamjambo huko? Ndama wameshalala?"

Akasubiri. Efrazia naye akajikuta anasubiri.

Julai, Khartoum, mwalimu wake mzee alimtazama juu ya miwani. "Kwa nini anayasemesha mawe, na anajua hayajibu?"

"Hana hakika kwamba hayajibu, mwalimu. Ndiyo maana anasimama."

"Hilo umelisoma wapi?"

"Kwenye ngano."

Mzee akafunga kitabu, akavuta kiti karibu. "Hebu nieleze."

Akaeleza, Kiarabu chake kikijikwaa na kuinuka: duara, fimbo, wingu ambalo halikuwapo. Alipofika kwa ndama, mwalimu alikuwa ameshaandika alama, na bado anasikiliza.