Marehemu Niliyemtunga

Bado nasema nilifanya sawa. Watu walikuwa wanalishwa sumu. Pale Kibirizi, soko la dagaa la Kigoma, kulikuwa na wanunuzi waliopulizia dagaa dawa ya kuulia wadudu ili wasishambuliwe na funza safarini, na kila nilipokwenda na kinasa sauti cha redio yetu nilipewa soda baridi na tabasamu. Hakuna aliyeona kitu.

Basi nikajifanya mwanika dagaa. Nikavaa kanga iliyopauka, simu nikaifunga kiunoni, nikasema mimi ni mjane, mume wangu alizama ziwani na hakuonekana tena. Mjane haulizwi mengi. Nikajiona mjanja.

Kumbe pale aliyezama ni wa wote. Mama mmoja wa Ujiji, mjane wa kweli, ambaye maiti ya mumewe haikuopolewa, alinipa nafasi kwenye chanja chake cha kuanikia. Kisha akaita wenzake nyumbani kwake wasome dua.

"Wetu hawana makaburi, mwanangu," aliniambia. "Tutawaombea pamoja."

Akaniuliza jina la marehemu. Nikalitunga papo hapo. Wakamwombea kwa jina hilo, mimi nimeinamisha kichwa, na walipolia nami nililia. Sijui nilikuwa namlilia nani.

Siku chache baadaye niliwarekodi wanunuzi wakipulizia dawa yao. Taarifa ikarushwa kwa sauti yangu, pamoja na jinsi nilivyojifanya mjane, mchezo ukakoma, mhariri akanipongeza mbele ya watu. Niliporudi Kibirizi, yule mama alikuwa anageuza dagaa juani. Nikamwamkia.

"Marahaba," akasema. "Umetusaidia. Tunakushukuru."

Hakuacha kugeuza dagaa, wala hakuniita mwanangu. Nilikasirika. Nilitaka kumwambia kwamba bila uongo wangu wangeendelea kula sumu, lakini alikuwa ameshanishukuru, sasa ningedai nini tena?

Mimi si mtu wa Kigoma, nililetwa na kazi, na upweke wa chumba cha kupanga naujua vizuri. Mwaka huu mama yangu alifariki. Nilipotoka kumzika sikwenda ofisini, nilikwenda moja kwa moja Kibirizi. Nilitaka mtu mmoja tu anipe pole kama anavyojua kuitoa yule mama.

Aliona macho yangu yalivyovimba, akaweka ungo chini. Nikamwambia mama yangu amefariki.

Hakuwa na hasira hata kidogo, na sauti yake ilikuwa ya upole mtupu.

"Kweli?"