Wekundu wa shimo la matofali

Enzi zile za Zaire, binti yangu alipata bwaki, ule ugonjwa wa kuvimba kwa kukosa chakula chenye nguvu. Muuguzi alimbonyeza mguu uliovimba, alama ya kidole ikabaki. “Mumupe samaki kila siku,” akasema, “mpaka alama isibaki tena.”

Samaki wa mtoni sikuwaweza kwa bei, hata mimi niliyezoea kumchosha muuzaji. Nikaenda kwenye shimo tulilochimba udongo wa matofali, ambalo mafuriko yalilijaza. Humo mliishi samaki wekundu, wadogo kama kiganja, wenye doa jeusi ubavuni. Hakuna aliyejisumbua kuwavua. Nikakuta dume na jike wanalinda watoto wao. Badala ya kukimbia, waligonga vidole vyangu. Nikaona ujanja: nichukue mmoja, mwingine abaki kulea, shimo lisiishiwe samaki.

Mke wangu akachungulia sufuria, akaniita “mwananchi” kwa Kifaransa cha siku zile. “Sitoyeni, leo umeleta samaki ao kivuli yake?”

“Kesho iko ingine,” nikamjibu.

Kesho yake vile vitoto vilikuwa vimepungua nusu. Nilivihesabu mara mbili. Mzazi aliyebaki akifukuza adui upande huu, upande ule vinaliwa. Siku ya tatu hakikuwepo hata kimoja, lakini yeye bado alilinda mahali patupu. Nilipoingiza mkono, akaugonga kama kawaida. Nikamchukua.

Binti yangu alimla samaki huyo mzima, mpaka kichwa. Nikambonyeza mguu, na alama ikabaki. Nikabonyeza mara ya pili, kuhakikisha.