Njiani Hakuna Mimi

Chungu kipya kikitiwa maji kwa mara ya kwanza hutoa harufu ya udongo, moshi na mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Nyumba yetu, upande wa Matombo katika milima ya Uluguru, ilinukia hivyo mwaka mzima, kwa sababu mama yangu alikuwa mfinyanzi. Siku hizi sufuria zimeshinda, lakini nikipita mahali wanapouza vyungu vya maua pembeni mwa barabara mjini Morogoro, husimama kidogo na kuvuta pumzi, na wauzaji hudhani nataka kununua. Sitaki kununua. Namtafuta mama, na kila ninapompata, nampata pamoja na kosa langu.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nilipokuwa na miaka kama minane, wanawake wa kijiji chetu walikuwa wakishuka sokoni Mkuyuni kwa kundi, ndizi na mananasi kichwani, wakicheka na kusengenyana njia nzima. Mama hakuweza kwenda nao. Mwenye ndizi hukimbizana na jua. Mwenye vyungu huenda polepole kama aliyebeba mayai. Alivipanga ndani ya tenga, akavitenganisha kwa majani makavu ya migomba, akaweka ngata kichwani, na kwenye miteremko ya utelezi alijaribu ardhi kwa kidole gumba cha mguu kabla ya kukanyaga kwa unyayo mzima. Mara mbili tatu wenzake walimsubiri. Kisha wakachoka, na nani angewalaumu? Tangu hapo akawa anaondoka alfajiri bila mwenzi, analala Mkuyuni kwa Bibi Mwajuma, mjane wa Kiislamu aliyempenda kama mwanawe ingawa sisi tulikuwa watu wa misheni, na kurudi kesho yake jioni.

Mwaka uliotangulia, mwanamke mmoja wa bondeni alirudi kutoka njia ileile bila tenga na bila khanga ya juu, akaingia ndani, na hakushuka tena sokoni maisha yake yote. Watu wazima walinyamaza mbele yetu sisi watoto, nasi tukajifunza kutokana na ule ukimya. Basi mama alijitungia sheria. “Njiani hakuna mimi,” aliniambia siku aliponichukua kwenda naye kwa mara ya kwanza. “Njiani ni sisi. Mwanamume akiuliza tuko na nani, kaka yangu, mjomba wako, yuko nyuma anafunga kamba ya mzigo. Usiseme yuko mbali, wala usiseme yuko karibu. Yuko nyuma.” Nikamuuliza kama huo si uongo, maana nilikuwa hodari wa kukariri amri kumi za Mungu. Akacheka, akasema Mungu mwenyewe ndiye huyo aliye nyuma, na kamba anajua kuzifunga. Halafu akaacha kucheka. “Ila usimwambie mtu yeyote. Kinga ikijulikana si kinga tena.” Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ndiyo nikawa mimi.

Niliiona sheria ile ikifanya kazi. Kwenye kona moja ya mto tuliwakuta wanaume wawili wamekaa juu ya jiwe, mapanga magotini, wakainuka kututazama. Mama hakungoja waulize. Aligeuza shingo taratibu chini ya mzigo, akaita kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na uzembe: “Kaka wee! Hiyo kamba haijaisha tu?” Nyuma yetu palijibu maji peke yake. Wale wanaume walitusalimu, wakatupisha. Pengine walikuwa wakata kuni, watu wema kuliko mimi. Sitajua kamwe, na nadhani hata mama hakujua. Aliimba tu mpaka Mkuyuni, bila kugeuka nyuma tena.

Baba alifanya kazi kwenye shamba la mkonge upande wa Ngerengere, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Alikuwa mtu mpole, na nataka niliseme hilo kwanza, kwa sababu habari zake kuanzia hapa hazimpendezi. Alimmenyea mama miwa kwa meno yake mwenyewe na kumpa vipande vya katikati. Lakini kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama, na mwanamume aliyeoa huishi hapo kama mtu aliyekaribishwa. Wenzake wa kambini, waliotoka makabila mengine, walimtania kwa hilo: wewe mgeni, huko nyumbani kwa mkeo nani anakulindia huyo mke? Naye alicheka nao, kama utani unavyotaka.

Mwezi mmoja alikuja kabla ya siku yake. Nilikuwa natoka kuchota maji nikamkuta njiani, amefuatana na mwanamume mrefu mwenye kofia ya pama, ambaye sikuwahi kumwona. Nikaamkia, wakaitikia marahaba. Baba akauliza, “Mama yako yuko?” Nikasema ameenda Mkuyuni. “Na nani?” Yule mgeni naye aliinamisha kichwa kidogo, akitabasamu, akingoja kusikia. Tulikuwa njiani. Mwanamume nisiyemjua alikuwa anasikiliza. Mdomo wangu ukajibu wenyewe, vizuri kabisa, kama nilivyofundishwa: “Na mjomba.” Baba akaridhika, akanishika bega, tukapanda mlima.

Uani, mjomba, ambaye nyumba yake ilipakana na yetu, alikuwa amekaa kwenye kigoda akitia jembe mpini. Alisimama kwa furaha, akamkaribisha shemeji yake pamoja na mgeni wake. Baba alimtazama, kisha akanitazama mimi. Maji yalikuwa yananidondokea shingoni kutoka kwenye mtungi, nami sikuutua. Nilitaka kusema. Lakini mgeni alikuwa bado yupo, anapewa kiti, na neno la mama lilikuwa limenifunga ulimi. Mgeni alipoondoka jioni, hofu nyingine ilikuwa imeshaingia: nimemdanganya baba usoni, nitachapwa. Niliogopa fimbo, nikampoteza baba. Mpaka leo najichukia kwa biashara ile.

Mama alirudi kesho yake jioni, tenga tupu kichwani. “Tumefika,” alisema mlangoni, kama alivyosema siku zote. Baba alitazama nyuma yake. Hapakuwa na kitu ila njia. Mama alifurahi sana kumwona, akafungua kitambaa akampa mkate wa kumimina aliopewa na Bibi Mwajuma, naye akaula mpaka ukaisha, akashukuru. Asubuhi akasema anahitajika kazini. Alichukua koti lake, na shoka lake lililokaa nyuma ya mlango. Koti ni la safari, lakini shoka huondoka na mtu asiyerudi. Mjomba aliliona, mama alikuwa jikoni anachemsha uji wa kumfungulia kinywa.

Mwisho wa mwezi ulikuja, na mwingine, halafu tukasikia ameoa Ngerengere. Mjomba alitaka kuwaita wazee wa pande zote mbili wakae waulizane. Mama alikataa. “Siwezi kumwita mtu aje anieleze nilichokosa,” alisema. Akaendelea kufinyanga na kushuka Mkuyuni, tenga kichwani, na kila aliporudi alisema “tumefika” kwa nyumba yenye mtoto mmoja tu.

Nilimwambia mama nilichomjibu baba siku ile nikiwa nimekwisha olewa. Alikuwa anazungusha ukingo wa chungu kwa kidole, wala hakuacha. “Yule mgeni ulikuwa unamjua?” aliuliza. “Hapana, mama.” “Basi ulisema vizuri.” Kidole kikatoboa ukingo. Akakibonda chungu chote, akaukanda udongo upya kwa muda mrefu, na machozi yalikuwa yakidondokea humo humo. “Baba yako alikuwa na mdomo,” akasema. “Kuuliza si ujinga.” Hatukulizungumza tena mpaka nilipomzika.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu hunipigia simu kila saa. Husafiri mikoani peke yake kwa kazi, huwatumia rafiki zake namba ya basi, na hutangaza “niko peke yangu” mbele za watu mpaka nashika kifua. Nikimgombeza, hucheka. Mwezi uliopita nilipanda basi stendi ya Msamvu kwenda kumtembelea, na kando yangu alikaa kijana mmoja mwenye adabu, anatafuna korosho. Simu ikalia. “Bibi, shikamoo. Umeshapanda? Uko peke yako?” Kijana aliacha kutafuna. “Marahaba. Tuko wengi,” nikajibu. “Mjomba yuko nyuma, anafunga mizigo.”

Mjomba huyo amelala makaburini miaka ishirini sasa, na mjukuu wangu anajua. “Bibi,” akasema polepole, “uko na nani?” Kisha akangoja. Nilisikia pumzi yake kwenye simu, ikingoja tu, haina haraka ya kwenda popote. Swali hilo baba aliniuliza mimi, mtoto, njiani. Mama, aliyepaswa kuulizwa, hakuulizwa mpaka anaingia kaburini. Nilifunika simu kwa khanga, nikageukia dirishani, nikasema neno ambalo mama hakuwahi kulisema akiwa safarini.

“Niko peke yangu, mjukuu wangu.”