Wigi la Mnoa Visu

Aliyetengeneza lile wigi anahitaji maombi. Ningependa kusema kwamba sisemi hivi kwa dharau, lakini ninasema kwa dharau tupu. Mimi nimelelewa na wanawake wanaojua mawigi. Katika ushirika wetu kuna akina mama wanaovaa wigi kuanzia zamu ya hospitali hadi ibada ya Jumapili, na huwezi kuona ngozi inapoishia na nywele zinapoanzia. Hakuna hata mmoja wao ambaye angetoka na kitu kile kichwani, hata kama anasukuma tu pipa la takataka hadi kando ya barabara wakati wa theluji. Lakini watu wa filamu, pamoja na pesa zao zote, walimvika mnoa visu wangu manyoya ya mbuzi aliyenyeshewa, wakamsimamisha chini ya mvua ya bomba, wakatuambia: haya, huyu ndiye.

Hakuwa yeye.

Mnoa visu ni mtu wa katuni za Kijapani, zile zinazoitwa anime, na hadithi yake si ya watoto. Ana kibanda karibu na soko la samaki, na magenge yote ya mji humletea visu vyao. Hamwulizi mtu kitu. Anatazama makali tu na kujua kisu kimepita wapi, na kwa namna mteja anavyotaka kinolewe, anajua ni nani atakayekufa. Karibu kila kipindi kina maiti. Nilimpenda kwa sababu ambayo labda haina maana kwa mtu mwingine: anaweza kumaliza kipindi kizima bila kufungua mdomo, na hakuna anayemwambia, "Mbona umenyamaza hivyo, unaumwa?"

Mimi huulizwa hivyo kila mara. Shuleni kwetu hapa Coon Rapids, Marekani, mwalimu mmoja aliwahi kunipeleka kwa mshauri wa wanafunzi kwa kosa la kunyamaza. Yule mshauri alinipa peremende na kuniuliza kama nyumbani kuna shida. Nyumbani hakukuwa na shida. Sikuwa na la kuwaambia watu wale, basi.

La kusema nilikuwa nalo kwa mtu mmoja, msichana wa rika langu anayekaa Maplewood. Mama yake na mama yangu walisoma pamoja Nakuru, na wote wako katika ushirika mmoja wa maombi wa Wakenya unaozunguka nyumba hadi nyumba, Jumamosi moja ndiyo, moja hapana. Kutoka kwetu hadi kwao ni mbali, na bila gari la mzazi humfikii mtu. Kwenye simu mimi huwa bubu zaidi. Ujumbe tuliandikiana, lakini ujumbe si mtu. Kwa hiyo ushirika ndio uliokuwa mdomo wangu. Wazazi walibaki sebuleni na nyimbo na chai, sisi wawili tukashuka besimenti, kile chumba cha chini ya nyumba ambacho kila nyumba ya huku inacho, na huko chini nilikuwa naongea mpaka koo linakauka. Tulitazama mnoa visu, tukabishana, tukamrudia.

Na hatukujificha. Hilo ndilo linalonichekesha hadi leo. Akina mama wetu wana sheria ambayo hakuna aliyeitunga: kilichochorwa ni cha watoto, chenye watu ni cha dunia. Tamthilia yenye watu wakibusiana huzimwa kabla midomo haijagusana. Lakini katuni! "Waache, wanaangalia katuni tu." Siku moja mwenyekiti wa ushirika, muuguzi ambaye kazini huosha vidonda nisivyoweza hata kusimuliwa, alishuka kupumzisha miguu. Akaketi katikati yetu na kikombe chake. Kwenye runinga kulikuwa na mtu ametundikwa kwenye ndoano ya soko la samaki. Mwenyekiti alitazama, akapuliza chai, akasema, "Hawa Wajapani kwa nini huchora macho makubwa hivi?" Kisha akasinzia.

Halafu ikatoka filamu yenyewe. Ya watu.

Jumamosi hiyo zamu ilikuwa yetu. Rafiki yangu alianza hata kabla ya kuvua buti mlangoni.

"Leo tunatazama ya watu."

"Hapana."

"Wee, imetoka juzi tu! Na yule jamaa, aki umeona mashavu yake?"

"Mnoa visu hana mashavu. Ana njaa."

"Si ndiyo wamemnenepesha kidogo, apendeze."

"Hatakiwi kupendeza."

"Wewe shida yako ni moja," alisema, akishuka ngazi kwa kishindo kama kawaida yake. "Hupendi watu wenye nyama na damu. Unapenda watu wa karatasi."

Alisema kwa mzaha. Mimi sikuusikia kama mzaha, lakini nilimpa rimoti.

Sijawahi kutazama kitu nikiwa na hasira vile. Kibanda cha mnoa visu kilikuwa kisafi kama duka la simu. Meno yake yalikuwa meupe. Aliongea! Kila alichokuwa akikijua kimoyomoyo, sasa alikisema kwa sauti, na kinanda kikalia nyuma yake ili usisahau kuhuzunika. Rafiki yangu alikuwa amekumbatia mto, anamwonea huruma. Nikamwambia kinachotokea machoni mwa huyo si uchungu, ni kitunguu. Akanirushia mto.

Tukafika kwenye kidole. Kuna kijana aliyelikosea genge lake, na adhabu ni ajikate kidole mwenyewe mbele ya wakubwa zake. Katuni haikuonyeshi kidole. Inakuonyesha mnoa visu akingoja nje ya mlango na kikombe mkononi, na ile chai ndani ya kikombe inatikisika mara moja. Basi. Mara ya kwanza nilipoiona sikula chakula cha jioni. Kwenye filamu, kidole kiliruka kama kipande cha soseji, kikagonga ukuta, damu ikafuata kwa bomba lilelile la mvua. Nilikuwa nimefungua mdomo niseme hivyo hasa.

"Damu ya Yesu!"

Mwenyekiti alikuwa kwenye ngazi na sahani ya sambusa. Sambusa zilimtangulia kufika chini.

Tuliitwa juu. Nyimbo zilikuwa zimekatika, na akina mama wote wamekaa wima na vikombe vyao kama baraza la chifu. Mama yangu alisimama karibu na chupa ya chai, hajui aangalie wapi. Ilikuwa nyumba yake, na aibu ikawa yake pia.

"Ni nani ameweka huo uchafu?" aliuliza mama wa rafiki yangu.

"Ni mimi," alisema rafiki yangu. Haraka, bila hata kunitazama.

"Yaani mimi nakuleta kwa watu wenye heshima zao, wewe unawaletea mauaji?"

"Mum, ni filamu tu."

"Filamu tu! Mwenyekiti ameona kidole cha mtu kinaruka!"

"Nimekiona," alithibitisha mwenyekiti, mkono kifuani. Kisha akanigeukia mimi, na sauti yake ikawa laini. "Huyu mwingine hana neno. Huyu namjua mimi. Mtoto mpole, yeye na katuni zake. Nimekaa naye mwenyewe nikaona."

Wengine wakaitikia, kweli, kweli, mtoto mpole.

"Basi huyu wangu atabaki Maplewood na baba yake," alisema mama wa rafiki yangu. "Hakuna kuja ushirika tena, hadi amalize shule. Siwezi kukubali amharibu mtoto wa mwenzangu."

Hadi amalize shule ulikuwa mwaka mzima na zaidi. Nilihesabu Jumamosi zote hizo nikiwa besimenti peke yangu na mnoa visu, wote wawili tumenyamaza. Na nilichohitaji kufanya ili nibaki na mnoa visu ni kile kitu pekee ninachokiweza vizuri. Nilichohitaji ni kutosema neno. Ningebaki na sifa zangu na katuni zangu zote. Nilimtazama rafiki yangu. Alikuwa anaangalia soksi zake. Mtu anayeongea hata anapopiga mswaki alikuwa hana neno, na hakuniomba kitu.

Watoto wa ushirika wetu huongeleshwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Mimi huwa sijibu kwa lugha yoyote. Kwa hiyo nilipofungua mdomo na Kiswahili kikatoka, kile nilichohama nacho Nakuru nikiwa darasa la nne, hata mimi nilishtuka.

"Samahani, mwenyekiti. Ile siku ulikaa na sisi. Unamkumbuka yule mtu aliyekuwa ananing'inia?"

"Wa katuni? Pale sokoni?" Alifikiri. "Yule aliyekuwa anapimwa uzito?"

"Hakuwa anapimwa uzito. Alikuwa ameuawa. Walimtundika kwenye ndoano."

Mtu mmoja aliweka kikombe chini polepole.

"Ni hadithi moja," nikasema. "Katuni ndiyo yenyewe, hii ya watu wameiga tu. Kwenye katuni wanakufa wengi zaidi. Na hakuniletea yeye. Mimi ndiye niliyemwonyesha kwanza."

"Kumbe!" alisema mama yangu. "Muda huu wote? Hapo chini kwangu?"

"Ndiyo, mama."

Ningeishia hapo ningeitwa jasiri. Lakini nilikuwa nimekaa na ile hasira kwa saa nzima, na mlango ulishafunguka.

"Tena hii ya watu ni mbaya sana," nikasema. "Si damu tu. Hawakuielewa. Wameweka kidole kwa sababu hawajui kuweka chai. Na lile wigi ni aibu."

Nilidhani nimejichimbia kaburi. Kisha mwenyekiti akajishika kichwa, pale mbele ambapo hakuna anayejua ngozi yake inaishia wapi.

"Hilo la wigi," alisema, "hata mimi nimeliona."

Mama yangu aligeukia chupa ya chai, mabega yakitikisika.

Hukumu ilitoka hata hivyo, na haikuwa na mzaha. Mama wa rafiki yangu alisema mbuzi wawili wakishakuwa na upele, hakuna haja tena ya kumtenga mmoja, kwa hiyo wa kwake angeendelea kuja. Lakini katuni zile zilipigwa marufuku, zote, na kuanzia siku hiyo besimenti ingekuwa na mtu mzima. Mama aliniketisha, akanitaka nimwonyeshe pa kubonyeza, akafuta kila kitu mwenyewe. Mnoa visu alikuwa amebakiza vipindi vichache afike mwisho. Sijui alifikaje. Nililia, na sioni haya kusema kwamba nilimlilia mtu wa karatasi.

Ushirika uliofuata ulikuwa Maplewood. Tulishuka besimenti na mwenyekiti akashuka nasi, akaketi katikati, akaweka katuni iliyopitishwa na kanisa. Ilikuwa ya yule kijana mchungaji mwenye kombeo. Jiwe likaruka, jitu likaanguka, na kijana akachukua upanga wa jitu lenyewe na kulikata kichwa. Akakiinua kwa nywele. Mwenyekiti akapiga makofi.

"Hii sasa," alisema, "hii ni ya kujenga." Punde akaanza kukoroma.

Rafiki yangu aliinama nyuma ya mgongo wa mwenyekiti.

"Sema. Najua unataka kusema."

"Upanga umechorwa vibaya," nilinong'ona. "Butu kabisa. Ule haukati hata ugali."

"Na nywele?"

"Nywele ni zake, angalau."

Alicheka hadi akajiziba mdomo kwa mto. Alipotulia akasema, kwa ule ukaidi wake usiotibika, kwamba hata hivyo yule jamaa wa filamu ana mashavu mazuri. Nikamwambia hajui kitu. Akasema haya, nifafanulie. Mwenyekiti alikuwa bado anakoroma, nami nikaanza na kile kibanda cha mnoa visu.