Leso Yangu na Dawa ya Mama Neema

Mkasa huu, ukiacha mara moja tu, niliuficha chini ya kofia miezi mitatu, maana hakuna aibu kama ya mwenye digrii ya kemia kuunguzwa na kemia mbele za watu.

Ilikuwa Durban, miaka ya tisini ikiishia, na kesho yake nilikuwa na usaili wa ualimu wa chuo, ambapo ningezungumzia wanakemia wa kale, wale walioamini asidi ina ncha kama sindano na alkali ina vitundu vya kuzipokea, tena wakatafuta kiyeyusho cha kuyeyusha kila kitu (nami wiki nzima nikakosa raha: kingehifadhiwa kwenye chombo gani?). Nikaona nywele zangu zitaniangusha, nikaenda mtaa wa Albert Park, saluni kwa Mama Neema, Mkongomani, anilainishie.

Akanipaka vaselini kichwa kizima mpaka masikioni, akaenda kupokea simu. Mimi huku nikawaza: dawa ya nywele ni alkali, alkali na mafuta hufanya sabuni, basi mafuta haya yataidhoofisha! Nikatoa leso, nikayafuta yote. (Vaselini haigeuki sabuni. Nilijua. Nilifanya mtihani wa hilo.)

Akarudi, akapaka dawa, nami nikawahutubia wateja habari za sindano na vitundu.

"Iko inaunguza, Dokta?" Mama Neema akauliza.

"Kidogo tu," nikasema, nikijiuliza kama ni dawa au ni hofu ya usaili, na nilipopata jibu nilikuwa barabarani nikipiga mayowe, kitambaa cha saluni shingoni, taksi zikinipigia honi.

Mama Neema akanivuta ndani, akaniinamisha bombani. "Nani alipanguza mafuta yangu?"

Nikakiri.

"Eish! Hii dawa inakula nywele, inakula ngozi, ila mafuta haiwezi. Mafuta njo chombo yake!"

Mafuta ndiyo chombo! Wiki nzima ya mawazo, na jibu lilikuwa kwenye kopo la vaselini.

"Angalia povu ya shampuu," akasema. "Iko rose, rangi ya waridi, dawa ingali ndani. Ikikuwa nyeupe, imekwisha."

Wale wa kale nao walipima hivyo kwa maji ya maua ya buluu, yaliyogeuka mekundu kwa asidi, kijani kwa alkali! Nikapiga kelele kwa furaha, kichwa bado bombani.

"Huyu kaka anaungua na anacheka?" mteja mmoja akauliza.

Kesho yake nikaenda nimenyolewa, kisogo kina mabaka, nanuka marhamu. Mzee mmoja wa jopo akauliza swali lilelile la chombo.

"Mafuta," nikajibu, nikawavulia kofia, nikamtaja mwalimu wangu: Mama Neema, wa saluni. Walicheka mpaka mmoja akafuta machozi. Kazi nikapata.

Tangu siku hiyo, anayeijua kazi yake akinipaka kitu, leso inabaki mfukoni.